Mshona Vitabu wa Makanisa Matatu

Kwa miaka arobaini na mmoja, kitabu cha nyimbo kikichanika katika yale makanisa matatu kilikuwa na njia moja tu: kilitiwa mfukoni, kikapelekwa chumba cha mbele cha Mzee Gundi, na baada ya wiki mbili, au zaidi, kikarudi kinanuka gundi ya unga wa ngano. Jina lake la ubatizo watu walishalisahau. Mkewe peke yake alilikumbuka, naye hakulitumia ila akikasirika.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Aliishia darasa la nne, akajifunza kwa kufumua vitabu vikuukuu, uzi baada ya uzi, akiangalia aliyevishona alipita wapi. Aligundua kwamba kitabu si rundo la karatasi. Ni mafungu. Karatasi kubwa moja hukunjwa mara tatu ikawa kurasa kumi na sita, na hilo ni fungu moja. Mshonaji hupitisha uzi katikati ya mkunjo wa kila fungu, halafu hulifunga fungu hilo kwenye fungu lililotangulia. Kitabu kilichoshonwa hivyo hulala wazi mezani kama ng'ombe aliyeshiba. Uzi wake aliupaka nta mwenyewe, na kila alipomaliza alipiga fundo la mizunguko mitatu ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Halafu akatokea Cherehani.

Huyu alikuwa fundi nguo wa njia panda, mtu wa miaka hamsini ambaye Mzee Gundi alimwita kijana. Alikuwa pia kiongozi wa kwaya ya kanisa la Bondeni. Siku moja watu wa Bondeni walichoka kusubiri, wakampa vitabu vyao ishirini. Cherehani alivitia chini ya sindano ya mashine, akavipiga mshono pembeni kabisa, trrr, kimoja baada ya kingine, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amemaliza. Juu akavivika mabaki ya vitambaa, chekundu, cha maua, cha mistari.

"Umeviona vitabu vya Bondeni?" mke wa Mzee Gundi alimuuliza mumewe. "Vimependeza kama watoto wa shule siku ya kwanza."

"Kitabu ni cha kusoma, si cha kuvalishwa."

"Nimesema vimependeza tu, baba watoto. Sikusema vina akili."

"Kitabu kilichopigwa mshono pembeni hakifunguki! Unakishika kwa mikono miwili kama kuku anayetaka kukimbia!"

Mkewe aliendelea kupepeta mchele. Lakini Mzee Gundi aliona ameuma mdomo kuzuia kicheko, na hilo hakulisahau. Akipita njia panda alisikia mashine ya Cherehani ikilia barazani, akaona wanawake wamekaa wanamsubiri, wanacheka. Nyumbani kwake hakuna mteja aliyewahi kucheka. Yeye aliwaambia wateja wake wasiguse kitu.

Angevumilia kama si habari iliyokuja baada ya mavuno. Makanisa yote matatu yaliamua vitabu vyao vyote vishonwe na mtu mmoja, ili siku za ibada ya pamoja visiwe vimechakaa huku na vizima kule. Wazee wangekutana Bondeni, Jumapili ya tatu alasiri, kumchagua mtu huyo. Majina yalikuwa mawili.

Ibada ya pamoja! Zamani hizo makanisa yale hayakuazimana hata ufagio. Mlimani, kanisa la Mzee Gundi, walisoma sala kitabuni, wakapiga magoti, na kupiga makofi ilikuwa aibu. Bondeni walipiga ngoma na kuwazamisha watu wazima mtoni. Wa kanisa la Bati waliishika Jumamosi, na Jumapili walilima huku wengine wakipita na nguo safi. Watu walibishana aya kwa aya, njiani, shambani, mpaka jua linazama, na kila mmoja aliijua Biblia yake kwa sababu alihitaji kumpiga nayo jirani. Siku hizi hakuna anayebishana kwa sababu hakuna anayesoma. Vijana wana nyimbo kwenye simu, nao wamehamia mjini na simu zao. Kila kanisa limebaki na watu thelathini, arobaini, wamesogeleana kama wazee kwenye moto mmoja, nao wanauita umoja.

Mzee Gundi aliamua kuyatembelea makanisa yale kabla ya siku ya kikao. Alitaka kukusanya ushahidi. Angewaonyesha wazee kazi ya Cherehani, ukurasa kwa ukurasa, na hapo ndipo ingejulikana nani ni fundi na nani ni mshona mifuko.

Alianza na Bati, Jumamosi. Alivaa koti lake. Walimkaribisha mbele, kwenye ubao uliolazwa juu ya matofali. Jua lilipopanda, paa lilianza kulia, ta, ta, ta, na jasho likamshuka mgongoni. Alipewa kitabu kilichoshonwa na Cherehani mwaka uliopita. Akakifungua, akakaribia kutabasamu kanisani. Mshono ulikuwa umemeza herufi mbili tatu za kila mstari. Bibi mmoja jirani yake alikishika kitabu kimefungwa, akaimba kwa kichwa.

Kilichomuudhi ni sauti. Maneno yalikuwa ya kwao, lakini sauti ya wimbo ule ilikuwa ileile ya wimbo mmoja wa Mlimani. Alijisikia kama mtu aliyeona shati lake limevaliwa na mwingine sokoni, tena limemkaa vizuri.

Baada ya ibada alimvuta pembeni mzee wa kanisa.

"Niambie kweli, bwana. Hivi vitabu vinafunguka?"

"Havifunguki vizuri," yule alikiri. "Ila tangu avishone hakuna karatasi iliyoanguka. Vyako vilikuwa vizuri sana, Mzee Gundi. Ila ulituambia wiki mbili, tukangoja miezi minne, na siku tulipokuja kuuliza ulitufokea."

"Gundi ilikuwa haijakauka!"

"Miezi minne?"

Mzee Gundi alikiazima kitabu kile, akakitia ndani ya koti. Ushahidi wa kwanza.

Kesho yake alishuka Bondeni. Mkewe alisema anakwenda naye, akatangulia mbele kwa hatua ambazo mumewe hakuwa ameziona tangu watoto wako shule. Kanisa lilikuwa la udongo, limepakwa chokaa, na ngoma mbili zimeegemea ukuta. Cherehani alisimama mbele ya kwaya na utepe wake wa kupimia shingoni, labda aliusahau, labda hakuwahi kuuvua.

"Tisini na saba!" alitangaza.

Ngoma ikaanza polepole, na watu wakaimba, "Nimefika mlangoni, vumbi li miguuni."

Mzee Gundi alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Huo ulikuwa wimbo wa Mlimani! Wimbo aliozikiwa mama yake! Haukuwa Bati, haukuwa popote, ulikuwa kwenye kitabu cha Mlimani tu, namba tisini na saba, na hapa waliuimba huku wanayumba mabega kana kwamba wamezaliwa nao. Waliuimba vizuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi: Mlimani waliuburuta kama gunia, na hapa ulitembea. Alimkata jicho Cherehani. Ameniibia kazi, sasa ameiba na wimbo. Alipogeuka kumwambia mkewe, alimkuta mkewe anaimba.

"Mia na saba, ya kwanza!" Cherehani alitangaza tena.

Ya kwanza? Mzee Gundi alikichukua kitabu kilichokuwa benchini, chenye jalada la maua. Mshono wa mashine ulikuwa pembeni, kama alivyotarajia. Akakilazimisha kifunguke kwa vidole gumba. Ndani kabisa, kwenye mikunjo, aliona uzi mwingine. Wa zamani, wa nta. Alifuata uzi ule hadi chini, akakuta fundo la mizunguko mitatu.

Ukurasa wa sitini na nne uliishia na wimbo wa themanini na nane. Ukurasa wa sitini na tano ulianza na wimbo wa tisini na saba. Fungu zima lilikuwa la Mlimani. Baada yake namba zilirudi nyuma, mia na tano, mia na sita, mia na saba, kwa mara ya pili.

Aliukumbuka mwaka wenyewe. Mvua zilikuwa nyingi, naye alikuwa amefumua vitabu vya makanisa mawili kwa wakati mmoja, vimechapwa na kiwanda kimoja, karatasi ile ile, ukubwa ule ule. Paa lilivuja. Aliyanyanyua mafungu kutoka sakafuni akayatupa kitandani, na baadaye akayapanga upya kwa namba za kurasa. Namba za kurasa zililingana. Namba za nyimbo hakuziangalia. Bondeni lilikuwa kanisa changa, wengi ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma, na kwao kitabu kikisema kimesema. Namba zikijirudia, wao wakaita ya kwanza na ya pili, wakaendelea na ibada.

Na mafungu ya Bondeni yalikwenda wapi? Alijua kabla hajajiuliza. Mlimani yeye alikaa mbele na wazee, na kitabu chake mwenyewe. Vitabu alivyoshona mwaka ule viliwekwa mabenchi ya nyuma. Kwa miaka thelathini alikuwa amewadharau watu wa nyuma kwa sababu wimbo wa tisini na saba ukitajwa wananyamaza kama waliokatwa ndimi. Alishawasema hadharani. Alishawaita magogo.

Ibada ilipokwisha, Cherehani alimfuata mlangoni.

"Mzee, leo umetuheshimu."

"Ulivifungua vitabu hivi."

Cherehani alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Nilifungua kimoja, Mzee. Nikaona."

"Ukasema kwa nani?"

"Kwa nani? Ningevifumua, ingenilazimu kuvipanga sawasawa, na tisini na saba ingerudi kwenu. Hapa ndiyo tunayozikia watu wetu. Kwaya ingenitoa macho. Nikaona bora nivipige mshono pembeni, uzi wako nisiuguse."

Kwa hiyo ule mshono wa kipumbavu, mshono alioukashifu kijiji kizima, ulikuwa umemstiri yeye.

"Na vya Bati?" aliuliza kwa ukali. "Navyo ulimstiri nani?"

Cherehani akacheka. "Vya Bati nilishona hivyo kwa sababu sijui kushona vingine."

Mzee Gundi aliondoka bila kuaga. Njiani alisubiri yeye na mkewe wafike penye mwinuko, pasipo na watu.

"Wewe huwa unakaa nyuma."

"Miaka thelathini na kitu. Mbele mmejaa nyinyi."

"Ulijua?"

"Wanawake wote wa nyuma tunajua. Nyimbo zile za Bondeni ndizo tunazoimba mtoni tukifua. Wenzetu wa Bondeni wakiwa ng'ambo wanatuitikia."

"Na hukuniambia!"

"Nikuambie nini, baba watoto? Mtu akikuonyesha herufi moja imepinda, unanuna wiki nzima. Hili lingekuwa la mwaka."

Wiki ile hakushona kitu. Alikaa mbele ya meza yake, akashika mfupa wa kukunjia karatasi, akauweka, akaushika tena. Kama Cherehani angemsema, angemchukia kwa raha zake. Lakini mtu amekukamata shingoni halafu anakurekebishia kola, utamfanya nini? Alimwonea wivu mashine yake, baraza lake, kicheko cha wanawake; sasa ilimbidi amwonee wivu hata uungwana wake. Alijiuliza kama yeye angenyamaza. Jibu alilijua, na halikumpendeza.

Jumapili ya kikao walikuwa watu kumi na wanane ndani ya kanisa la Bondeni: wazee wa makanisa yote matatu, na nyuma wanawake wachache waliosema wamekuja kuandaa chai. Mzee Gundi alikuwa na kitabu cha Bati ndani ya koti. Hilo bado lilikuwa kosa la Cherehani peke yake. Angeonyesha hicho tu, cha Bondeni asikiguse, na kazi ingekuwa yake. Kazi ile ndiyo iliyobaki. Macho yalipungua, watoto walikuwa mbali, na mtu asiyepelekewa kitabu kilichochanika atajuaje kama yupo?

"Tuanze kwa wimbo," mzee wa Bondeni alisema. "Tisini na saba."

Waliimba. Watu wa Bati hawakuwa na maneno, wakaitikia kwa midomo iliyofumbwa, sauti nzito chini ya nyingine. Wa Mlimani waliimba kwa kuzoea, na mpaka ubeti wa tatu ndipo mzee wao mkuu alipokunja uso. Huyu alikuwa karani mstaafu, mtu wa mihuri.

"Samahani," alisema wimbo ulipokwisha. "Wimbo huu ni wetu. Haumo katika kitabu chenu. Nina orodha ya nyimbo zenu nyumbani."

"Umo," mzee wa Bondeni alijibu. "Huu hapa."

"Basi mmeuingiza."

"Tumeuingiza kwa mkono gani? Umechapwa!"

"Ndilo ninalouliza! Nani amewachania vitabu vyetu?"

"Unatuita wezi, ndani ya kanisa letu, chai yetu ikiwa jikoni?"

Mzee wa Bati aliinua mikono. "Jamani, wimbo si mbuzi."

"Wewe nyamaza, wewe jana ulikuwa kanisani, leo ungekuwa shambani!"

Watu wakasimama. Mambo ya miaka yakaanza kutoka: nani alikataa kuchimba kaburi la nani, nani alimcheka nani akitoka mtoni na nguo zilizolowa. Ule umoja wa vikombe vya chai ulikuwa unamwagika hapo hapo, na kati ya wanaume wote pale, wawili tu walijua sababu. Mzee Gundi alitazama viatu vyake. Kisha akamtazama Cherehani, kuona kama atamtaja.

Cherehani alikuwa amesimama, anaukunja utepe wake kidoleni.

"Wazee wangu, msigombane," alisema. "Vitabu hivi vilipita mikononi mwangu. Mimi si fundi wa vitabu. Huenda ni mimi niliye..."

Alikuwa analichukua! Mzee Gundi alihisi moto ukimpanda hadi masikioni. Wateja amechukua, sifa amechukua, mke amemsifia majalada yake, na sasa anataka na hili, alitoe mbele za watu kama zawadi, asifiwe kwa unyenyekevu wake! Kosa lile lilikuwa na miaka thelathini. Lilishonwa kwa uzi wa nta. Mtu wa mashine hawezi kukosea namna ile.

"Keti chini!" alipiga kelele. "Hilo ni langu!"

Cherehani akaketi.

"Kosa ni langu. Mwaka wa mvua nyingi. Nilichanganya mafungu. Ya Mlimani niliyaweka Bondeni, ya Bondeni niliyaweka Mlimani, mabenchi ya nyuma. Fundo ni langu, fungueni muone, mizunguko mitatu. Huyu hawezi hata kulipiga!"

Karani mstaafu alichomoa kalamu. "Mabenchi ya nyuma? Ndiyo maana hawaimbi?"

"Tunaimba!" sauti ikatoka mlangoni. Ilikuwa ya mkewe Mzee Gundi, birika mkononi. "Ila nyinyi mkisema tisini na saba, sisi kitabuni tuna wimbo mwingine. Mngegeuka nyuma hata siku moja mngetuuliza."

Akauanza pale pale aliposimama, ule wimbo wa Bondeni uliokuwa umeshonwa Mlimani. Wanawake wa Bondeni wakaupokea, na wazee wao wakageuka, maana wimbo ule hawakuusikia kanisani kwao tangu wakiwa vijana. Mzee wa Bondeni aliketi, akafuta pua kwa kiganja. Karani mstaafu alibaki amesimama peke yake na kalamu mkononi, asijue aandike nini.

Baadaye, chai ikinywewa, karani alipendekeza kila fungu lirudi mahali pake halali. Wanawake wa pande zote mbili walimjibu kwa pamoja, wala hakurudia. Ikaamuliwa kila kitabu kipate mafungu yote mawili, lake na la jirani, yasiyotosha yakachapwe mjini, na vya Bati vifumuliwe vishonwe upya vifunguke. Kisha likaja swali la nani.

"Mzee Gundi ashone," alisema mzee wa Bati. "Majalada Cherehani. Ila, Mzee, usikasirike, kupanga kurasa..."

"Kurasa nitapanga mimi," mkewe alisema, akimmiminia chai.

Watu walicheka mpaka karani mstaafu akacheka. Mzee Gundi hakucheka. Alikitoa kitabu cha Bati ndani ya koti, akakiweka mezani, kikiwa na joto la kifua chake.

Sasa chumba chake cha mbele kina viti vitatu. Mkewe hupanga mafungu, akisoma namba kwa sauti, za kurasa na za nyimbo. Cherehani hukata vitambaa na kusimulia vichekesho vyake, naye mama watoto hucheka waziwazi, ndani ya nyumba ya mwenyewe. Mzee Gundi huwapa mgongo, anashona. Vitabu vimekuwa vinene, uzi unamwishia mapema kuliko zamani.

Juzi uliisha katikati ya fungu la Bondeni. Kabla hajauliza, Cherehani alimnyooshea mwingine, umeshapakwa nta, urefu sawasawa, umeshatungwa sindanoni. Mzee Gundi aliusogeza dirishani kutafuta penye nta hafifu. Aliuvuta kwa nguvu zake zote ukatike. Haukukatika.

Akauvuta tena.